Jina la Mwenye Kaburi

Andongwisye alikuja Mpuguso Jumanne saa kumi jioni, mvua ikinyesha, amevaa koti lile lile la kijivu alilovaa siku nyumba yetu ilipopigwa mnada. Nilimtambua akiwa bado chini kwenye migomba, kwa ule mwendo wake wa kuinamisha kichwa kidogo. Moyo wangu, ambao kwa miaka mitano nilijiapiza kwamba hauna tena haja na mtu yule, ukaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Niliukasirikia. Nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya darasa la nne, nikaendelea kusahihisha, na sidhani kama kuna mtoto aliyekosa hesabu jioni ile.

"Hodi, Lusungu."

"Karibu. Kaa, usilowe."

Alikaa ukingoni mwa benchi, mbali nami, kama mgeni aliyekuja kuulizia njia. Mama yangu alikuwa jikoni na hakutoka. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani uso kwa uso. Lakini ukuta wa jiko letu ni wa mianzi, na masikio ya Mama hayajawahi kuzuiwa na mianzi.

Hatukuwa na talaka. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado kwenye zizi la marehemu baba, wamezaa na wana wao wamezaa. Mimi nilifunga tu begi langu siku ya mnada nikarudi kwetu. Tangu hapo tulionana kanisani, yeye upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake, kila mmoja akimwibia mwenzake jicho pale mwenziwe alipoinamia kitabu cha nyimbo.

"Hadijah anauza nyumba," alisema.

Nilishika kalamu kwa nguvu. Hadijah ni mjane wa yule mfanyabiashara aliyeinunua mnadani nyumba yetu ya Msasani, hapa hapa Tukuyu.

"Anahamia Kyela kwa mwanawe," aliendelea. "Kuna tajiri wa Mbeya anaitaka. Anataka kujenga nyumba ya wageni. Juzi alikuja na fundi, wakapima. Vyoo vitakuwa nyuma, pale penye mparachichi."

"Pale penye..."

"Ndiyo. Pale."

Chini ya mparachichi ule amelala mwanangu. Alikuwa na miaka mitatu kichomi kilipomchukua. Tulimzika nyuma ya nyumba kama tunavyozika sisi, karibu na waliompenda, bila kujua kwamba siku moja dalali angesimama juu ya tofali na kumuuza pamoja na mabati na madirisha. Tangu alipokufa, kila mvua inapopiga bati namsikia akikohoa. Mara tatu. Kisha kimya, kisha mara tatu tena. Sijawahi kumwambia mtu, maana mwalimu akisema anasikia watoto waliokufa, hapewi tena darasa. Na Tukuyu, anayejua anajua, mvua hainyeshi kwa msimu, inaishi hapa.

"Wewe utafanya nini?" nilimuuliza kwa ukali. "Mtu aliyefilisika mpaka mahakama ikamtangaza, benki gani itamfungulia mlango?"

"Mahakama iliniondolea hukumu hiyo mwaka jana. Na siku hizi benki zimeanza kutoa mikopo ya nyumba kwa watu wa mshahara. Nina mwaka wa nne kiwandani, kwenye chai. Nimekwenda benki tatu, Lusungu. Mbili ziliposoma jina langu zilinirudishia karatasi kabla sijakaa. Ya tatu imekubali, kwa masharti. Baba aweke dhamana shamba lake la chai la Lupepo. Na mke wangu asaini." Alijifuta maji ya mvua usoni. "Mwenyewe."

Kutoka jikoni sauti ya Mama ilipasuka kama kuni mbichi.

"Muulize safali hii sahihi ataiiba wapi! Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka!"

Andongwisye aliinamisha kichwa. Miaka yote mitano hakuwahi kujibu neno hilo, si kwa mama yangu, si kwa wazee wa kanisa, si kwa watu waliomnyooshea kidole gulioni. Nami nilikaa pale na kalamu yangu nyekundu, mwalimu mzima, nikanyamaza. Dhambi yangu ilikuwa hiyo.

Maana mwaka elfu mbili na mbili, Andongwisye alipokuwa mnunuzi wa kahawa na biashara huria imemlevya kila kijana mwenye mzani, alikwenda kukopa ili ajaze ghala. Benki ikataka ridhaa ya mke. Nilivaa viatu vyangu vyekundu, nikafika hadi mlango wa ofisi, nikaona fimbo ya baba mkwe imeegemezwa ukutani. Yumo ndani, shahidi wa mwanawe. Kwetu mkamwana haingii alipo baba mkwe. Hamtazami, hali naye, hakanyagi njia anayoipita, na jina lake halitoki mdomoni mwake hata akiwekewa kisu. Nilirudi nyuma kama niliyekanyaga kaa la moto. Wifi yangu Jenifer, aliyenisindikiza, akacheka.

"Lete nikusainie, wifi. Sote si ukoo mmoja?"

Nikampa kitambulisho changu cha ualimu kwa mkono wangu huu. Picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba hata mimi ningekataliwa. Jenifer akaingia, akaandika Lusungu, akatoka. Tukanywa soda. Baada ya hapo bei ya kahawa ikaanguka, ghala likabaki limejaa, na siku dalali alipofika na kengele yake nilitoka nje nikapiga kelele mbele ya umati: "Sikusaini mimi! Sikusaini!" Ilikuwa kweli. Watu wakasikia walichotaka kusikia: mume kamwibia mkewe sahihi. Nikawaacha wasikie hivyo.

"Ni Alhamisi, saa nne asubuhi," Andongwisye alisema akiinuka. "Afisa anakuja na wakili kutoka Mbeya. Hadijah amenipa hadi Ijumaa, baada ya hapo anachukua fedha za yule tajiri."

"Na baba yako?"

"Atakuwepo. Wanataka wote watatu tukae chumba kimoja. Kwa sababu ya lile la zamani."

"Unajua siwezi."

"Najua." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike, na macho yake yalikuwa yale yale yaliyonivua akili ujanani, ila sasa yalikuwa na uchovu chini yake. Nilitamani kukiweka kiganja changu pale penye uchovu. "Sikuja kukulazimisha. Nimekuja kwa sababu yule ni mwanao pia. Wakimfukua bila wewe kujua, hutanisamehe. Na tayari una mengi ya kunisamehe."

Akashuka kwenye mvua. Hakugeuka.

Kesho yake nilipotoka shuleni nilikwenda Msasani. Nilijiambia naenda kununua sabuni.

Hadijah alikuwa ukumbini anafunga vyombo kwa magazeti. Ni mama wa miaka sitini hivi, mnene, mwenye pumzi fupi. Hakuniuliza nimefuata nini. Alijifunga mtandio, akanitangulia hadi nyuma.

Nilitarajia magugu. Miaka mitano sikuwahi kukanyaga pale. Nilikuwa napita barabara ya juu ili nisiyaone mabati yetu. Lakini kaburi lilikuwa safi, limepangiwa mawe meusi pembeni, na udongo wake ulikuwa umetoka kulimwa.

"Mungu akulipe, mama," nilisema.

"Anilipe mimi kwa lipi? Mie mgongo huu wa kuinama nitautoa wapi? Mumeo huyo. Kila Jumapili akitoka kanisani. Mwanzo marehemu Yunusu alitaka kumfukuza, nikamwambia, muache, mtu na mwanawe." Alivuta pumzi. "Siku moja nilimuuliza, mwanangu, ni kweli uliiba sahihi ya mkeo? Unajua alinijibu nini? Eti, 'Mama, mke wangu hana kosa.' Nikasema hee! Nimeuliza chungwa, nimejibiwa limau."

Nilichuchumaa nikagusa mawe. Yalikuwa na ubaridi. Mvua ilikuwa imekatika, na kwa mara ya kwanza siku ile sikusikia kikohozi.

"Msalaba maandishi yamefutika," Hadijah alisema taratibu. "Mie humwita Mjukuu tu nikipita hapa. Jina lake nani hasa, Mama Tata?"

Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Mtoto alipewa jina la babu yake, yaani la baba mkwe wangu. Kwa hiyo mimi, niliyembeba miezi tisa, sikuwahi kulitamka. Nilimwita Tata, kwa Kinyakyusa ni baba, na watu wakaniita Mama Tata. Alipokuwa mgonjwa nilimwita Tata. Alipokata roho, wanawake wote walilia wakitaja jina lake, na mimi nikalia bila jina. Hata kuzikwa sikumwona akishushwa. Babu yake alisimama kaburini kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami nikabaki ndani, nimeziba dirisha kwa khanga, nasikiliza majembe.

"Basi, mwanangu," Hadijah alisema akinishika bega. "Usijilazimishe."

Alhamisi alfajiri nilimkuta Mama akipuliza moto. Nilisimama mlangoni, na nilichokibeba miaka mitano kikatoka kwa pumzi moja.

"Mama, Andongwisye hakuiba. Nilimpa Jenifer kitambulisho mimi mwenyewe. Baba mkwe alikuwa ndani, nikashindwa kuingia. Andongwisye alijua, na hakusema kwa sababu angenitaja mimi, na angemtaja baba yake."

Mama aliendelea kupuliza hadi moto ukashika. Nilifikiri hakusikia.

"Na mimi nimemtukana miaka yote hii," alisema mwishowe, "naye anakuja hapa, anakaa kwenye benchi langu, anasikiliza."

"Ndiyo, Mama."

"Mficha uchi hazai, Lusungu. Ulingoja nini?" Alinyanyuka, akauchukua mwavuli wake mweusi wa kanisani, ule asioruhusu mtu auguse, akanitupia. "Nenda. Utalowa."

Andongwisye alikuwa amesimama nje ya benki, mikono mifukoni. Aliponiona nimefika alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Tulipanda ngazi pamoja, tukaingia ukumbini, tukaelekea ofisi ya mwisho, na pale mlangoni, ukutani, ilikuwapo fimbo.

Fimbo ile ile. Nikasimama. Nilikuwa tena na viatu vyekundu, nilikuwa tena na miaka ishirini na saba, na nyuma yangu karibu nimsikie Jenifer akicheka, lete nikusainie.

"Karibuni, karibuni ndani," kijana mwenye tai aliita kutoka kwenye meza. Huyu alikuwa Ackson, afisa mikopo. "Mama, mbona unasimama? Ingia."

"Hawezi," Andongwisye alisema.

"Hawezi vipi tena, kaka? Si nilieleza? Bila mama hapa ndani, mimi hili faili nalifunga."

Nilirudi hatua moja. Andongwisye hakunishika. Alisimama tu pembeni yangu, na nikajua kwamba ningegeuka angegeuka pamoja nami, angenisindikiza hadi Mpuguso, na asingesema neno hadi anakufa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee kutoka ndani.

"Kijana. Nisaidie. Geuza kiti changu kitazame ukuta."

"Mzee?"

"Kigeuze. Mimi miguu haina nguvu."

Miguu ya kiti ikakwaruza sakafu. "Haya," sauti ikasema. "Sasa mwambie huyo mama aingie. Mimi simwoni. Naona kalenda."

Nilijifunika khanga kichwani hadi kwenye nyusi, nikaingia ubavu ubavu, nikakaa nimempa mgongo. Kati ya mgongo wangu na wa baba mkwe wangu palikuwa na kama hatua mbili. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kuwa karibu naye hivyo. Nilisikia harufu ya koti lake, moshi na tumbaku. Mtoto alikuwa akirudi nayo akitoka kwa babu yake.

Ackson alitutazama mmoja mmoja. "Wazee wangu, samahani, mmegombana?"

Wakili Obed, mtu mzima mwenye mvi, alikohoa. "Hawajagombana, bwana. Wanaheshimiana. Endelea."

Ackson akafungua faili. Alisoma masharti polepole, akanigeuzia kila ukurasa niusome mwenyewe, nami niliusoma kila mstari. Kisha akasafisha koo.

"Kuna jambo lazima niliseme wazi. Faili la zamani lina maneno kwamba aliyesaini hakuwa mke. Makao makuu wanataka maelezo."

Andongwisye akasogea mbele kwenye kiti. "Lile lilikuwa kosa la..."

"La kwangu," nilisema.

"La kwangu," alisema mzee wakati ule ule.

Nje mvua ilianza, kwanza matone makubwa machache, kisha yote.

"Kijana, andika," mzee aliiambia kalenda. "Mwaka ule nilikaa kwenye kiti kama hiki. Nikaona viatu vyekundu mlangoni, nikajua ni yeye. Mlango wa nyuma ulikuwepo. Ningetoka mimi, dakika tano tu, naye angeingia akaisoma ile balua. Huyu anajua kusoma kuliko sisi wote. Angesema, Andongwisye, hapana. Sikutoka. Nilisema moyoni, mkamwana ndiye anayekimbia, si mimi." Alihema. "Na kabla ya hapo, siku ya msiba. Nilisimama kwenye kabuli mpaka mwisho. Nilikuwa namlilia mtoto wa jina langu. Nilisahau kwamba ana mama, na mama yuko ndani kwa sababu mimi niko nje. Usiku nikilala nasikia jembe. Mpaka leo."

Kumbe sikuwa peke yangu. Nililia, na sikujificha; khanga ilikuwa tayari usoni. Chini ya meza mkono wa Andongwisye uliutafuta wangu. Niliupokea. Ulikuwa na sugu mpya za kiwandani, lakini ulikuwa unajua mahali pake.

Ackson aliandika muda mrefu. Alipomaliza alikuwa hatutazami.

"Limebaki moja," alisema kwa upole. "Mthamini amekuta kaburi kwenye kiwanja. Benki haikatai, lakini inataka lijulikane ni la nani, na wenyewe watamke mbele ya wakili kwamba ni lao. Jina la marehemu?"

"Ni..." Andongwisye alianza.

"Samahani, kaka. Nimemuuliza mama. Safari hii kila kitu kitoke kwake."

Mvua ikapiga bati. Nikaisikia. Mara tatu, kikohozi kidogo, kikavu, karibu na sikio langu. Kisha kimya. Andongwisye alikuwa amefumba macho. Nilijua nikikaa kimya wakili atafunga kalamu yake, na Jumamosi mafundi watashika sururu.

"Mama?" Ackson aliuliza.

"Kijana," mzee akasema nyuma yangu, polepole, "mwambie huyo mama alitaje. Nimempa. Mwenye jina ni mimi, na mimi nimempa. Asiogope."

Nilivuta pumzi.

"Nsajigwa," nilisema.

Halikutoka vizuri. Lilitoka limevunjika katikati, kama mtoto anayejifunza kusoma. Kwa hiyo nikalirudia, kwa nguvu, ili lifike kule lilikokuwa likingojewa.

"Nsajigwa!"

Na mzee, uso wake ukutani, akaitika kama anavyoitika mtu aliyeitwa kwao.

"Ee, mwana gwangu."

Wakili alivua miwani akaifuta. Nilivuta karatasi, nikasaini pale aliponionyesha. Herufi zilitoka zimepinda hata wanafunzi wangu wangenicheka, lakini Ackson alizitazama zile herufi, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Tulipotoka, mvua ilikuwa bado. Nilifungua mwavuli wa Mama na Andongwisye akaingia chini yake bila kuulizwa, bega lake likagusa langu. Tulisimama hivyo ngazini, tukisikiliza bati. Nilisubiri. Lilikuwa bati tu.

"Nikusindikize Mpuguso?" aliuliza.

"Baadaye," nilisema. "Nipeleke Msasani kwanza. Nataka nimwite."